Ubeti wa Kiatu

...na sukari ananiuliza eti vijiko vingapi, wifi, miaka yote hii tunakaa nyumba moja hajui natia kimoja, lakini ubeti wangu aliusikia mara moja tu akaushika wote kichwani, kimoja, namwambia, ahsante wifi, na kidole changu kiko juu ya simu chini ya meza, nikibonyeza tu kaumbuka, watajua wote kundini, kundi letu la mashairi, la ubeti mmoja kwa siku, na yule mwalimu mstaafu anayetupa neno kila asubuhi, jana alitupa neno kiatu, nilikuwa napiga pasi ukanijia wenyewe, nikamsomea wifi kwa furaha zangu, mjinga mimi, ubeti unasema, nani sasa apulize vumbi la kiatu changu, simu ilikuwa imekwisha chaji, nikasema ikiwaka nautuma, ilipowaka ubeti uko kundini una jina lake, na maua, na makofi... "Sikilizeni hii," kaka anasoma simu yake, mdomo umejaa mkate, "mwalimu anasema ubeti bora wa mwezi, Malkia wangu, wa mwezi!" na huyo Malkia anainamisha uso, eti anaona haya, haya azitoe wapi na macho makavu yale, ngoja, neno la leo ni tabasamu, nimeshamwandikia, mwizi ana tabasamu, chai atumiminia, ubeti wa marehemu, jana amejivalia, vina vimekaa, mizani imetimia, atatafuta pa kuuficha uso, akusanye virago arudi kwao, ashindwe na alegee... "Unajua jana nililia?" kaka anamshika mkewe mkono, "tangu tumzike mama sijalia, jana nimelia," looh, nawe unamshukuru yeye, mama yetu alikuwa akiokota viatu vyetu mlangoni, anavipuliza ndani, cha kushoto, fuu, cha kulia, fuu, kwa sababu yako wewe, wewe ndiye uliyevaa kiatu kina nge ndani, mguu ukakuvimba ukalala siku mbili unalia, tangu hapo mama hakuacha kupuliza, mpaka tumekuwa watu wazima anapuliza, tunacheka, na wifi hakuyaona hayo, wifi kaingia humu mama keshazikwa, anamjua kwenye picha tu, na kaka habari za mama hazungumzi, ukimtaja anatoka nje, basi nani alimwambia wifi... hakuna... hakuna aliyemwambia, ni mimi tu najua, mimi na kaka, kwa hiyo kaka aliposoma ule ubeti... namtazama, naye ananitazama, kidogo tu, kisha macho yanakimbilia kwenye kikombe. Anajua. Alijua tangu jana, akalia machozi ya kweli juu ya maneno yangu, akanyanyuka akamkumbatia mwizi, akanipita mimi kwenye korido, lala salama dada, basi, kwa ajili ya amani ya chumba chake. "Wifi, chai inapoa," nakunywa, namwambia, nakunywa wifi, na wala simchukii tena kiasi kile, yeye ni mtu wa kuja, alikuta kitu kimeachwa wazi akachukua, lakini wewe, wa tumbo moja, nafuta mistari yote minne, herufi kwa herufi, kidole kiko palepale juu ya simu, kaka ananitabasamia kwa woga, namrudishia tabasamu, meno yote nje, naanza kumwandika yeye.