Ndoto ya Moto na Mwisho Wake Mpya

Usinione hapa dukani Mpanda nacheka na wateja, nakupimia kitenge huku nakutania. Mwaka jana mimi Shamsia nilikuwa naogopa kulala kama mtoto anavyoogopa sindano. Nyumba yetu iliungua. Mwanangu Amira alikuwa shuleni, hakuguswa hata unywele. Lakini kila nikilala, yumo ndani, moto unawaka, mlango haufunguki.

Usiku mmoja nilimvuta kitandani nikiwa usingizini mpaka mkono wake ukateguka. Nikampeleka Mwamkulu kwa mama yangu, Bi Hadia. Chumba tulichopanga baada ya moto kikawa kimya, na mimi nikaumia sana.

Nesi aliyemtibu mkono akanipa namba ya Aneth, mshauri wa Dodoma anayesaidia watu wa majinamizi kwa simu. Siku ya kwanza nilimkatalia. "Dada, kwetu ndoto mbaya haisimuliwi. Unatema mate kushoto, unageuka ubavu wa pili, basi."

"Usinisimulie, Mama Amira," akasema. "Itungie ndoto mwisho unaoutaka wewe. Kila siku mchana, upitie kichwani taratibu, kama unauona. Wiki ijayo nitakupigia."

Niliona upuuzi mtupu. Ila namtaka mwanangu, nikafanya. Baada ya adhuhuri nakaa nyuma ya vitenge, nafumba macho: navunja mlango, naingia, namvuta Amira nje. Wiki ikaisha, bado naamka nimekaba mto.

Nilipomweleza mwisho wangu, Aneth akauliza, "Kwani Amira hawezi kutoka mwenyewe?"

Nilikasirika, jamani. Mimi ndiye mama, mimi ndiye wa kumtoa. Nikakata simu. Lakini kutwa nzima neno lile likanikaa. Mtoto ana miaka tisa, anachota maji, anapika uji, kunijibu ndiyo usiseme. Kesho yake nikabadilisha: hakuna moto, Amira anafungua mlango kwa ndani, anatoka akipiga miayo, anauliza chai iko wapi.

Nikarudia hivyo kila mchana. Ndoto ya moto na kelele zangu za usiku zikapungua, mwishowe zikakoma. Nikamfuata Mwamkulu, tukalala tena kitanda kimoja.

Asubuhi namimina chai huku namkagua mikono kwa wizi.

"Mama, uliongea usingizini," akasema.

Nikaacha kumimina. "Nilisema nini?"

"Ulinigombeza. Eti, 'Rudi ndani ukavae ndala.'"

Mimi huyu, niliyekuwa namvuta nje kila usiku, nimwambie arudi ndani. Nikakaa chini nikalia, naye akaniuliza kama anywe chai yake au asubiri.