Jina Lililozama Tshopo

Cyprien Kataliko aliacha kuitwa Cyprien siku alipozamishwa katika mto Tshopo, mahali ambapo maji hutulia kidogo kabla ya kuendelea na fujo zake. Tangu siku hiyo hakuliitika tena jina hilo, hata lilipotoka kinywani mwa mama yake mzazi.

Ndivyo lilivyofundisha kusanyiko lao la Kabondo. Walikuwa watu wa kawaida tu, mafundi cherehani, walimu, akina mama wauza samaki wa kukaushwa kutoka Yanonge, ambao walisoma Maandiko mpaka yakawakosesha usingizi. Waligundua kwamba Aliye Juu ana jina lake la Kiebrania, Yahuwah, na Mwana wake ni Yahushua, na kwamba yale mengine yanayoimbwa makanisani ni vyeo vitupu au, mbaya zaidi, majina ya kuazima kwa wapagani. Maandiko yanakataza majina ya miungu mingine yasisikike kinywani. Wao walilichukua neno hilo kama lilivyo, bila kulitia sukari. Biblia zao walizipitia kwa kalamu, ukurasa baada ya ukurasa, wakifuta Bwana na kuandika Jina juu yake. Hata amina waliiacha, wakidai inamtaja mungu wa Misri. Mwisho wa sala walisema "na iwe hivyo".

Majirani walicheka, bila shaka. Lakini watu wale hawakulewa, hawakuwapiga wake zao, na vipimo vyao sokoni vilikuwa vya haki. Anayetaka kuwacheka aanze na hapo.

Kila aliyezamishwa alipewa jina jipya la Kiebrania, na la zamani likabaki majini. Kuliitika lile la zamani kulihesabiwa kuwa ni kurudi Misri. Msimamizi wao, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimjua kama Papa Édouard, sasa aliitwa Tsadoki, na ukimwita Édouard barabarani angepita kama vile umemwita mtu mwingine kabisa. Hakufanya hivyo kwa kiburi. Aliamini kwamba mtu hufundishwa utii kwa mambo madogo, na kwamba hakuna jambo dogo kama kutogeuza kichwa.

Cyprien akawa Elihu. Alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli karibu na soko, na wateja wake wakubwa walikuwa waendesha toleka, wale vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli. Hao hawakumsumbua. Mteja hana shida: muuzie mnyororo mzuri, atakuita hata Farao ukitaka. Kwa muda mfupi mji ulizoea kumwita Papa Elihu, akabaki mtu mmoja tu wa kumzoeza.

Mama yake, Victoire, alikuwa Mkatoliki wa damu na mifupa. Alifika Kisangani akiwa msichana, na magunia ya maharage kutoka Butembo, akaolewa hapa, akawa mjane hapa, akamlea mwanawe wa pekee kwa maharage hayohayo. Jina Cyprien alilichagua mwenyewe. Lilikuwa la kaka yake aliyekufa mdogo, na mama huyo hakuwahi kulitamka bila kulitamkia watu wawili kwa mara moja.

Sasa sikia alivyofanya Elihu, maana hadithi yote iko hapo. Siku moja baada ya kuzamishwa, mama alimwita kutoka jikoni aje kula. Elihu alikuwa sebuleni, anasikia vizuri, akanyamaza. Mama akaita tena. Akanyamaza. Akaita kwa ukali, kisha kwa wasiwasi, mwishowe akaja na mwiko mkononi kuona kama mtoto ameanguka. Akamkuta ameketi, mzima, macho yake yako ukutani.

Mama alimuuliza kama masikio yake yameharibika. Elihu akamjibu kwa upole, na huo upole ndio uliouma, kwamba Cyprien haiko tena na kwamba akimwita Elihu ataitika mara moja.

Victoire alicheka kwanza. Kisha alikasirika, na kwa siku kadhaa hakumwita jina lolote. Alimwambia "weye" na kumalizia kwa kidole. Lakini mama ni mama. Asubuhi moja Rosine, mke wa Elihu, alimkuta uani akichambua maharage na kujifundisha kwa sauti ndogo: Elihu, Elihu, kama mtoto wa shule anayeogopa fimbo. Jioni hiyo akaita "Elihu", naye akaitika papo hapo, akafurahi sana, akamkumbatia. Sabato iliyofuata alisimama kusanyikoni kutoa ushuhuda: hata mama yake, Mkatoliki mzee, ameanza kutii. Watu wote wakasema na iwe hivyo. Rosine hakusema. Yeye alikuwa anahudhuria lakini hajazamishwa. Kila alipoulizwa alisema bado anasoma.

Miaka ilipita, na akili ya mama ikaanza kumtoka polepole, kwa mambo ya kuchekesha. Alitia chumvi kwenye chai. Alienda sokoni akarudi na kile alichoondoka nacho. Baadaye alipotea njia katika mtaa alioishi tangu aolewe, na dereva wa pikipiki akamrudisha nyumbani akiwa ametulia kama mgeni mheshimiwa. Daktari alisema ni uzee na hakuna dawa yake. Kila wiki ilimega kipande: majirani, wajukuu, bei ya maharage. Mama alimtambua Rosine mpaka mwisho. Alimwita Rosine kama zamani, alimwomba mafuta ya kujipaka, alimsengenya kidogo mbele yake, mambo yote ya mkwe na mkwe.

Elihu ndiye ambaye mama hakumtambua. Mwanzoni hakuna aliyeona, kwa sababu alimwita jina lake vizuri. "Papa Elihu, uliamka muzuri?" Alimpisha kiti. Alimshukuru kwa chakula. Elihu aliona ni heshima na akaipenda, mpaka jioni moja mama alipomshika mkono na kumuuliza, kwa adabu anayopewa mwenye nyumba na mpangaji wake, kama hajamwona mtoto wake huko mjini, kijana mmoja anaitwa Cyprien.

Elihu alidhani ni utani, akatabasamu. Mama hakutabasamu. Hapo ndipo Elihu alipoelewa.

Kwa akili ile iliyobaki, kila kitu kilikuwa kimejipanga sawasawa. Kulikuwa na Cyprien, mtoto wake, ambaye siku moja aliitwa na hakuitika. Na kulikuwa na huyu Elihu, mtu mzima mwenye mvi, mkarimu, ambaye tangu hapo anamlisha. Alimpenda Elihu. Ila alimlilia Cyprien, na kila jioni, rozari mkononi, alimwomba Bwana Yesu amrudishe. Zamani Elihu alitoka nje wakati huo ili majina yale yasimwingie masikioni. Sasa alisimama nyuma ya mlango akisikiliza, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee mama yake alipolitaja jina lake kwa mapenzi. Aliona aibu kusimama pale, lakini hakuondoka.

Rosine alimwambia jambo moja tu. Alimsomea katika Biblia yake iliyojaa wino: Yakobo alipewa jina Israeli, na baada ya miaka mingi, akiwa mzee njiani kwenda Misri, Aliye Juu mwenyewe alimwita usiku, Yakobo, Yakobo. Naye akasema, mimi hapa.

"Aliitika jina ya zamani," alisema Rosine. "Na hakuna mutu alimukatalia."

Elihu alilipeleka neno hilo kwa Tsadoki. Mzee alilitafakari, hakulidharau. Akamjibu kwamba Yakobo nalo ni jina la Kiebrania, la ukoo wa ahadi, na Cyprien ni jina la Roma. Na kwamba mtu aliyezikwa majini hafufuliwi kwa sababu mama amehuzunika. Akamwonya pia asimdanganye mzee wa watu kwa kujifanya marehemu. Kisha akamwambia, kwa huruma ya kweli, kwamba utii usiogharimu kitu ni mazoea tu. Elihu alirudi nyumbani na jibu zuri, na jibu zuri halikumsaidia.

Sabato iliyofuata kusanyiko lilikuwa nyumbani kwake. Viti vya plastiki vilijaa barazani, wanawake wamefunika vichwa, na Elihu, ambaye kwa sauti yake alikuwa msomaji wao, alikuwa katikati ya kitabu cha Kutoka. Rosine alikuwa amemlaza mama chumbani. Lakini mama aliamka, akavaa pagne, kitenge chake cha sikukuu, kile chenye sura ya Bikira Maria mgongoni, akatoka mbele ya watu wote na rozari shingoni. Watu waliinamisha macho. Msomaji akasita.

Victoire alikuwa ameona umati na ameelewa kwamba ni watu wa sala. Alifurahi. Akampita Tsadoki, akaenda moja kwa moja kwa mwanawe.

"Papa Elihu," alisema, "weye unajuaka kuomba. Donc uombe na mimi. Mutoto wangu Cyprien hayarudi, na mimi niko nazeeka. Umuombe Bwana Yesu, pamoja na hawa watu yako."

Tsadoki alisimama, akamwambia mama kwa upole kwamba wote wataomba, kila kitu kwa utaratibu wake, na akamwashiria Rosine amrudishe ndani. Rosine hakuinuka. Alimtazama mume wake.

Elihu alifunga Biblia juu ya kidole chake. Alijua watu wote wanasikia, na alijua maana ya watakachosikia.

"Mama," alisema. "Ni mimi. Mimi ndo Cyprien."

Victoire alimkaribia, akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga, akampima kwa makini kama alivyopima maharage maisha yake yote. Elihu alikuwa na miaka zaidi ya hamsini, na katika kitambo kile hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa kutambuliwa.

"Hapana, papa," mama alisema. "Cyprien yangu hana mvi. Weye ni Elihu. Si ni weye mwenyewe ulinifundisha? Nilikuwa nasema Cyprien, ukakatala. Ulisema Cyprien haiko tena."

Hakusema kwa kumlaumu. Alimkumbusha tu, kama mwanafunzi mwema anayemsaidia mwalimu aliyesahau.

Hakuna aliyemwona Elihu akiamua. Labda hakuamua. Alipiga magoti kwenye saruji, mama naye akashuka taratibu pembeni yake, Rosine akimshika kiwiko. Na msomaji wa kusanyiko, ambaye kinywa chake kilikuwa hakijatamka maneno yale tangu majini, akayasema yote kwa sauti ileile iliyosomea Maandiko: Bwana Yesu, umrudishe Cyprien kwa mama yake. Popote alipo, umrudishe. Kama ni yeye alikataa kuitika, umsamehe, umrudishe.

"Amina," alisema mama.

"Amina," alisema Elihu.

Tsadoki hakupaza sauti. Alivaa miwani yake, akaivua, akasema kwamba usomaji utaendelea Sabato ijayo nyumbani kwa ndugu mwingine, na msomaji atateuliwa. Watu waliinuka mmoja mmoja na viti vyao. Muuza samaki mmoja alipopita alimgusa mama begani, haraka, kisha akaifuata njia ya wenzake. Tsadoki alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni kwa muda kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaondoka.

Elihu alibaki amepiga magoti. Hakujuta, na hilo lenyewe lilimtisha. Alichokuwa nacho ni huzuni tu, nzito na safi, kwa sababu alikuwa ametoa yote aliyonayo na hakikurudi kitu. Mama yake alikuwa palepale, bega kwa bega naye, amefurahi, ana harufu ya mafuta ya Rosine, na hamjui.

Victoire aliupigapiga mkono wake ili kumtuliza, maana aliona mgeni huyu mwema analia.

"Merci, papa," alimwambia. "Cyprien akirudi, nitamuambia ni weye ulimuombea. Atakuja kukushukuru. Ni mutoto muzuri, utaona. Mama yake akimuita, anaitikaka mbio."