Springi Chini ya Sahani ya Mkate

Niliikuta Alhamisi mchana nilipokuwa naondoa vyombo. Ilikuwa springi nyembamba, fupi kuliko kidole changu cha mwisho, imelala chini ya sahani ya mkate. Bunduki ya Baba ilikuwa imeshaegemezwa ukutani, imeungwa, imefutwa, inanuka mafuta. Mwenyewe alikuwa amekaa anatazama dirishani kama mtu anayesubiri basi.

"Baba, hiki ni nini?"

"Kipi?"

"Hiki hapa."

Akakitazama. "Cha saa ya ukutani," akasema.

Saa yetu ya ukutani inatumia betri.

Siku hiyo alikuwa amekaa na vipande vya bunduki mezani kwa saa tatu. Mara ya kwanza nilipoingia jikoni alinifukuza. Mara ya pili aliniita Argia, na Argia ni mama yangu, tuliyemzika miaka minne iliyopita. Baba yangu, Sirio, ana miaka sabini na tisa. Tangu Pasaka amekuwa akiweka birika la kahawa motoni bila maji, na kuuliza nyumbu amefungwa wapi. Nyumbu wetu alikufa nikiwa darasa la pili. Cheti cha daktari anacho, cha Februari, alipokuwa bado mzima, na cheti hicho kinamruhusu kushika bunduki miaka mingine mitano.

Mimi mwenyewe ni mwindaji, ila bunduki yangu ni ya mitutu miwili: unaikunja, unatia risasi, basi. Ya Baba inajipakia yenyewe na ina matumbo mengi, na tangu utoto wangu ilikuwa mwiko kuigusa. Kwa hiyo nilijua jambo moja tu, kwamba kilichotoka ndani ya bunduki lazima kirudi ndani, na hiki hakikurudi.

Jumamosi ilikuwa siku ya meza. Kikosi chetu cha kuwinda nguruwe pori kina watu kumi na saba, na mwanamke ni mimi peke yangu. Kabla ya windo la kwanza la mwaka, kila mtu huifungua bunduki yake kwenye meza ndefu ya nyumba ya kikosi, akaifuta, akaiunga tena wenzake wakimtazama. Anayebakiza kipande huosha masufuria mpaka Januari. Anayeshindwa kabisa huikabidhi bunduki kwa mkuu, na jina lake hufutwa.

Ningeweza kumpigia simu Loriano, mkuu wetu. Ingekuwa haki. Lakini nyumba hiyo Baba aliiezeka kwa mikono yake, na kikosi alikianzisha yeye. Ukimnyang'anya Jumamosi zake anabaki na kiti na dirisha. Na nikinyamaza, akaua mtu? Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali naijua sana, ila mdomo ulikataa kufunguka. Nikaitia springi kwenye kiberiti kitupu, kiberiti mfukoni, nikajiambia meza itasema yenyewe. Ndivyo waoga tunavyofanya.

Jumamosi alfajiri, Baba aliachwa wa mwisho, kwa heshima ya umri. Vinicio, ambaye hawezi kufunga mdomo hata akiwa anakula, alishika saa.

"Mzee Sirio, ukizidi dakika kumi sufuria zinakusubiri!"

"Wewe osha mdomo wako kwanza," Baba akamjibu, na watu wakacheka.

Akaanza. Akatoa mtutu, akachomoa komeo, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kila risasi inapotoka. Komeo halifunguliwi mezani, hufutwa likiwa zima na kurudishwa zima. Mikono ambayo nyumbani ilikuwa inatafuta kijiko ilitembea bila kusita, naye hakuwa hata anaitazama. Mwishoni akavuta komeo nyuma, akaliachia, likajifunga kwa mlio wa mlango mzuri. Mezani hapakuwa na kitu.

"Dakika nne!" Vinicio akapiga kelele. "Huyu mzee hakumwoa Argia, alioa bunduki!"

Wote wakapiga makofi, nami nikapiga, kiberiti kinanichoma pajani. Meza ilikuwa imemtolea ushahidi mzuri. Sasa nani angenisikiliza, na springi yangu ya saa ya ukutani?

Tukachomoa vibao vya namba za malindo, mahali pa kumvizia nguruwe, kutoka kwenye kofia ya Loriano. Baba alipata tisa, mimi kumi. Nilimwomba Loriano anibadilishie, anisogeze palepale kando ya Baba.

"Kibao ulichochomoa ndicho chako, Mirella. Na hakuna kuondoka lindoni mpaka baragumu la kumaliza windo lilie. Umesahau ni nani aliyeiandika sheria hiyo?" Akamwonyesha Baba kwa kidevu.

Kati ya lindo la tisa na la kumi kuna hatua themanini za vichaka virefu kuliko mtu. Nilisimama pale tangu saa tatu asubuhi, nikiona kofia yake tu kupitia upenyo wa matawi. Mbwa walikuwa wanabweka bondeni, na nyuma ya mbwa alikuwa anapanda Gosto, mtunza mbwa wetu, baba wa watoto watatu. Njia yake ingepita mbele kabisa ya lindo la tisa. Nilihesabu dakika za Gosto kufika. Nikiondoka, navunja sheria. Nikibaki, nasubiri kusikia mlio ambao ningeujutia maisha yangu yote. Nilimchukia Loriano na vibao vyake, nikamchukia Baba pia, nasema kweli.

Kisha nikamsikia anaita, polepole, kama mtu aliye chumbani: "Argia? Argia!"

Nikaondoka. Miaka ishirini na miwili ya kuwinda, sijawahi, na nikaondoka. Niliinama nikapita katikati ya vichaka, matawi yakiwa yamekifunika kizibao changu cha rangi ya chungwa hadi shingoni. Zilikuwa zimebaki kama hatua kumi na tano nilipousikia mlio mdogo wa kufunguliwa kwa kitufe cha usalama cha bunduki. Nikainua macho. Kati ya majani mdomo wa mtutu ulikuwa unanitazama.

Tk.

Akavuta komeo. Risasi nzima ikaanguka kwenye majani makavu. Tk, tena.

"Baba!"

Mtutu ukashuka. Nyuma yangu kitu kizito kilikatiza vichaka, kikivunja vijiti, kikaenda zake mlimani. Baba hakukiangalia. Aliniangalia mimi, na uso wake sitaki kuuona tena kwa mtu yeyote.

Akakaa kwenye kigoda chake. Akavuta kamba shingoni, yenye kifuko anamotunza medali ya marehemu Mama, akanimwagia kitu kiganjani: pini ya chuma, nyembamba kama msumari.

"Ndiyo inayogonga risasi," akasema. "Bila hii haiui hata nzi."

"Uliitoa Alhamisi?"

"Masaa matatu, mwanangu. Kuitoa si kazi. Kazi ni kukumbuka kwa nini naitoa. Mara mbili niliirudisha." Akajifuta pua kwa mkono. "Nilijua iko siku nitamwona mtu nikadhani nguruwe. Sikujua kama utakuwa wewe."

Nililia, sikujali nani anasikia. Nikatoa kiberiti, nikamwonyesha springi, mwenzake wa pini ile. Akacheka kidogo.

"Saa ya ukutani," akasema. Halafu akakunja uso. "Rudi lindoni kwako. Baragumu bado."

Saa nane tulikuwa mezani, mbele ya supu ya mkate na mayai. Loriano hakukaa.

"Dume la kilo mia limepita kati ya tisa na kumi, na vichaka vimekanyagwa na viatu. Mmoja wenu aliondoka."

Nilifungua mdomo. Chini ya meza Baba akanibana goti kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Mimi," akasema.

"Ulikwenda wapi, Mzee?"

"Kukojoa."

Hata Vinicio hakucheka. Anayeondoka lindoni anatolewa msimu mzima, na bunduki yake inafungiwa kwenye kabati la chuma la mkuu.

"Mzee, sheria hii si uliiandika wewe?"

"Ndiyo maana naijua." Akasimama, akaiweka bunduki mbele ya Loriano, akafuta kwa mkono wa shati mahali alipoishika.

"Mwakani, Mzee!" Vinicio akasema.

"Mwakani," Baba akaitikia, akarudi kwenye supu yake.

Waliaga kila mmoja kwa kumpigapiga Baba begani, kama wanavyomfanyia mkosaji wanayempenda. Mimi nilibaki na pini na springi mfukoni, na kosa langu mikononi mwa mtu mwingine.

Tulikuwa garini kurudi nyumbani, hatujafika hata darajani, alipoanza kugeuka kutazama kiti cha nyuma, kushoto, kulia.

"Mirella, bunduki yangu iko wapi?"

"Kwa Loriano, Baba. Imefungiwa."

"Kwa nini?"

Nilishika usukani kwa mikono miwili. "Uliondoka lindoni."

"Mimi?" Alipiga dashibodi kwa ngumi. "Nani kasema? Mimi sijawahi kuondoka lindoni maisha yangu yote!"

"Ulisema mwenyewe, Baba."

Akaishusha ngumi. Alipofungua tena mdomo ilikuwa kwa sauti ndogo ya aibu, akaniomba nisimwambie Argia.