Baba Mkwe Alivyomwagiza Ng'ombe

Baba mkwe wangu ni mtu mwema, lakini siku zile, jamani, ningemrushia mwiko! Tatizo mila. Kwetu Unyakyusa mwanamke hakutani na baba wa mumewe. Ukimwona njiani unajifunika, unaingia migombani. Neno lake linakufikia kupitia kwa mama mkwe.

Sasa binti yangu Angetile, mdogo tu, alimwagikiwa na uji wa moto nyuma ya goti. Mimi nilikuwa nimejifungua juzi, mume wangu Eliud amechukuliwa kubeba mizigo ya Wadachi, hao Wajerumani. Babu wa mtoto, yaani baba mkwe, akambeba hadi misheni Matema, akakaa naye huko mpaka bibi mganga wa Kijerumani akawaruhusu. Maagizo yote ya kumtunza akampa nani? Baba mkwe! Mtu asiyeweza kuniambia hata "umeshindaje"!

Na mama mkwe yuko msibani Busale. Mzee akamtua mtoto karibu na mlango pamoja na kifurushi, akakohoa, akaenda zake. Nikafungua: vitambaa, mafuta, na kibao. Kibao cha nini? Nikakifanya kifuniko cha chungu. Mguu ukinyooshwa mtoto analia, basi nikamwacha aukunje. Mama gani anataka mwanawe alie?

Haukupita muda goti likaanza kukaza. Nilipojaribu kulinyoosha likagoma. Niliogopa, nikaangua kilio: "Mungu wangu, mwanangu atakuwa kilema!"

Ng'ambo ya migomba mzee akamgeukia ng'ombe wake, akanguruma ili mimi nisikie: "Wewe ng'ombe! Kibao kinafungwa nyuma ya mguu mtoto akilala! Kidonda kinaoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa! Mguu unanyooshwa kila asubuhi, polepole, hata akilia! Umesikia, ng'ombe?"

Nikamgeukia kuku wangu. "Kuku, muulize ng'ombe, mafuta yanapakwa lini?"

"Baada ya kuosha! Na Jumamosi arudi Matema akaangaliwe! Ng'ombe gani huyu asiyeuliza mapema?"

"Kuku naye angeambiwa mapema!" nikafoka. Mzee alicheka mpaka akapaliwa.

Tangu hapo kila asubuhi ng'ombe alifundishwa, Angetile akapiga kelele, mimi nikanyoosha huku machozi yananitoka. Jumamosi mzee alitangulia Matema, nami nikafuata mbali na mtoto mgongoni. Bibi mganga aliposimuliwa alicheka, kisha akaliangalia lile goti kwa muda mrefu. Siku hizi hamruhusu mtoto yeyote kabla hajauliza, "Nyumbani nani atamwosha kidonda?" Huyo ndiye anayeitwa na kufundishwa.

Mpunga ulipoanza kuiva, Angetile alimwona babu yake njiani. Akachomoka mbio, miguu yote miwili imenyooka! Mimi nilikuwa nimeshajificha migombani. Nikamsikia mzee akimpokea, akilia kama mtoto.

Mila inisamehe. Sikumtafuta kuku wala mama mkwe. Nilipaza sauti, nikamwambia mwenyewe: "Ndaga, tata. Asante, baba."