Mguu wa Baba Oktavia

Ndani ya basi la Makambako nilishindwa kutulia. Kila mara nilibonyeza siti ya mbele kwa kucha, kama ninavyopima faiba karakanani: ikibonyea, bado mbichi.

Jana Mzee Efraimu alikuja Njombe kuchukua mguu wake wa bandia. Kikombe cha kuingizia kigutu nilikitengeneza mimi, kwa faiba, yaani matabaka ya nyuzi za kioo na gundi, na baridi ya Julai huichelewesha gundi hiyo kushika. Nilimwambia asubiri hadi Jumatatu, ila kwa sauti yangu hii ya kunong'ona. Hakusikia, au hakutaka. Leo anamsindikiza binti yake Oktavia madhabahuni.

Nilimkuta mzee nje ya kanisa, amevaa suti, na dada yake Ema kando.

"Kamwene, Hilda! Umefuata pilau?"

"Kamwene, baba. Naomba niuone mguu."

Akapandisha suruali kwa majivuno. "Umekauka! Nimeulaza darini, juu ya jiko la kuni, usiku kucha."

Miaka yote alikuwa mpasua mbao. Kwao kila kibichi hupanda darini: mahindi, mbao, na sasa mguu.

Niligonga kikombe kwa kidole. Upande mmoja ulilia kama debe tupu. Joto la ghafla lilikuwa limekivimbisha, matabaka yakaachana.

"Utavunjika, baba. Keti mbele, Oktavia atakukuta hapo."

"Nikae? Nimekaa tangu gogo liniponde. Leo hapana."

"Basi panda mgongoni kwa bwana harusi," Ema akasema. "Mahari ameshamaliza, mzigo mmoja zaidi si kitu."

Kengele ililia. Oktavia alikuwa tayari mlangoni, akimtafuta kwa macho.

"Niegemee mimi," nikasema.

"Wewe? Hata kusalimia unaogopa."

Nikaupitisha mkono wake begani kwangu, juu ya sweta lenye madoa ya gundi. Oktavia akashika upande wa pili. Kanisa zima liligeuka. Uso uliniwaka, lakini masikio yangu yalikuwa chini, kwenye mguu, hatua baada ya hatua.

Katikati ya njia, kra!

Uzito wake wote ukaniangukia.

"Usisimame," akaninong'oneza.

"Sisimami, baba!" nikajibu, kwa sauti iliyowafikia hata wanakwaya.