Mawe Yasiyopoa

Kutoka kwa baba yangu mpaka Helsinki ni mwendo wa siku moja kwa mtu mwenye akili timamu. Sisi tulitumia siku tatu, kwa sababu nilikuwa na jambo la kumwambia na nilikuwa natafuta mahali pa kulisemea.

Jambo lenyewe ni hili. Katika jengo ninaloishi huko Helsinki kulikuwa na nyumba tupu, chumba na jiko, ghorofa ya chini, na mwenye nyumba alikubali kunishikia mpaka Jumatatu. Nilitaka Baba ahamie pale. Januari aliteleza kando ya kisima chake, akalala kwenye theluji mpaka mleta barua alipomkuta. Nilipompigia simu aliniambia, "Nilikuwa nje kidogo." Mimi niko mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini Taisto, baba yangu, ana miaka themanini na hajawahi kuhamishwa na mtu, hata siku aliyokaa kimakosa kwenye kiti cha bibi harusi kanisani, wakamwacha.

Basi mwezi wa Mei nikamwambia tutembee tu na gari, tubadilishe hewa, tumalizie kwa kulala usiku mmoja mjini. Akaingia garini na chupa yake ya kahawa na fungu la matawi ya kujichapia saunani, kwenye chumba cha kuogea mvuke, limetoka kwenye friza, limefungwa kwa gazeti. Akaliweka kiti cha nyuma. Likayeyukia kwenye koti langu.

"Mjini pia kuna matawi, Baba."

"Ya plastiki," akasema.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya siku ya kwanza. Katika kila mgahawa wa kituo cha mafuta nilijiambia, hapa ndipo. Nilivuta pumzi, nikafungua mdomo, nikasema, "Sukari?" Naye akajibu, "Kimoja." Namjua tangu nizaliwe, huwa anaweka kimoja. Tulipita maziwa, misitu, na maziwa mengine. Nilijichukia hata nikawa nawapigia honi kulungu waliosimama mbali na barabara.

Mjini tuliingia Jumamosi alasiri. Nilimwonyesha bandari, akasema maji ni mengi. Nilimwonyesha kanisa kuu jeupe, akauliza nani analipaka rangi. Ziara ikawa imekwisha, nikampeleka nyumbani.

Jioni tulipotaka kushuka saunani, nilichungulia kwanza kwenye tundu la mlango, kama afanyavyo kila mwenye adabu, nihakikishe hakuna jirani kwenye ngazi. Ollikainen wa mlango wa pili alikuwa anapanda na mfuko wa maziwa. Tukasubiri.

"Mmegombana?" Baba akanong'ona.

"Hapana. Ni jirani."

"Mmekaa pamoja muda gani?"

"Miaka kumi na moja."

"Hujawahi kuongea naye?"

"Hajawahi kunisumbua."

Baba akaitikia kwa kichwa, akaridhika. "Mtu mzuri huyo."

Sauna ya jengo letu iko chini kabisa, na kila mlango una zamu yake ya saa moja kwa wiki. Nilimwachia Baba zamu yangu yote. Nilikuwa nimepanga vizuri: atoke huko amelainika, apewe soseji na haradali, ndipo nimwambie.

Saa ikaisha, hakutoka. Nikasafisha jiko. Nikalisafisha tena. Ikapita karibu saa nyingine, nikakumbuka mzee wa miaka themanini, joto, na ile theluji ya Januari, nikateremka mbio bila hata kuchungulia kwenye tundu.

Katika chumba cha kuvulia nguo nilikuta viatu vya Baba. Kando yake, vimepangwa sawasawa, vilikuwepo viatu vya Ollikainen, mwenye zamu ya mwisho.

Nikaelewa yote. Ollikainen alifungua mlango akakuta mzee asiyemjua, uchi, juu ya benchi. Kumwambia "hii ni zamu yangu" kungekuwa kumfukuza mtu kwenye sauna, na kurudi nyuma kungekuwa kumlaumu. Akakaa. Naye Baba alikuwa anangoja moto ufe. Kijijini kwetu sauna ni ya kuni, na hakuna mtu anayeliacha joto zuri likiwa hai. Unatoka mawe ya juu ya jiko yakipoa. Jiko la sauna yetu ni la umeme.

Nilinyoosha mkono nibishe hodi, nikasikia sauti ya Baba.

"Nyota zilikuwa nyingi," alikuwa anasema. "Nikajaribu kuinuka, mguu ukagoma. Nikaita. Sasa kule unamwita nani, paka?"

Kata ya maji ikamwagwa, mawe yakafoka.

"Uliogopa?" Hiyo ilikuwa sauti ya Ollikainen. Sikuwahi kuisikia. Ilikuwa nyembamba kuliko koti lake.

"Niliogopa sana, bwana. Binti yangu Sirkku sikumwambia. Angekuja mbio na barabara ya barafu ile, tuzikwe wote wawili."

Baba akamwaga kata nyingine, akaendelea. "Ana neno moyoni, binti yangu. Tangu tutoke nyumbani anafungua mdomo kama samaki, halafu ananiuliza sukari."

"Neno gani?"

"Anataka nihamie hapa. Kuna dirisha la chini halina pazia. Leo amenipitisha mbele yake mara tatu."

"Utakubali?"

"Hajaniomba," Baba akasema.

Nilikaa kwenye benchi nikiwa nimeshika soksi za baba yangu, nikalia. Siku tatu nilidhani nabeba siri, kumbe nilikuwa namnyima mzee wa watu sentensi moja. Nikasogea mlangoni.

"Baba."

"Naam."

"Nakuomba uhamie hapa. Ukiwa kule peke yako, mimi silali."

Mle ndani maji yakamwagwa tena juu ya mawe.

"Haya mawe yanapoa lini?" Baba akauliza.

"Hayapoi, Baba. Ni ya umeme."

"Nani alikuwa aniambie?"

Wakatoka, taulo kiunoni, wekundu wote wawili. Niligeukia ukuta mpaka wakavaa. Ollikainen alifunga kamba za viatu polepole sana, na alipofika mlangoni akasimama.

"Zamu ilikuwa yangu," akaniambia.

"Samahani sana."

"Si neno," akasema, akatangulia kupanda ili tusikutane kwenye ngazi.

Baba akachukua chupa yake ya kahawa. Fungu lake la matawi lilikuwa limening'inizwa kwenye ndoano, chini ya namba ya mlango wangu, likidondosha maji.

"Umesahau matawi," nikamwambia.

"Yaache yakauke," akasema. "Tutayatumia Jumamosi ijayo."