Sala Juu ya Tuta

Verlene Tillery aliliona lile bamba la shaba kabla halijafunikwa kitambaa, ndiyo maana damu ilimchemka mapema. Alikuwa ameombwa aombe sala kwenye sherehe ya Bodi, akaja asubuhi kupanga viti vya kanisa juu ya tuta linaloukinga mji na mto, akamkuta fundi anakaza skrubu za mwisho. Maandishi yalisema Bodi ya Tuta imewalinda watu wa Cane Bottom, kijiji cha bondeni, karne nzima, na kwamba katika yale mafuriko makuu tuta lilipasuka upande wa Bottom kwa mapenzi ya Mungu.

Alisoma tena. Mapenzi ya Mungu!

Hakuna mtu mweusi wa Bottom asiyejua ilivyokuwa. Mto ulipojaa, wenye mashamba ya pamba ya upande wa juu walitaka maji yapate pa kwenda mbali na mashamba yao. Wakawatoa wanaume wa Bottom vitandani kwa bunduki, wakawapa sepeto. Baba mkwe wake Verlene, mzee Hosea, alilikata kwa mikono yake tuta lililoikinga nyumba yake mwenyewe. Binti yake mdogo akaenda na maji. Mpaka anaingia kaburini mzee yule hakuonja tena samaki wa mto ule. Fidia haikutoka, maana Bodi ilisema kazi ya Mungu hailipiwi. Na nani angebisha? Kura za Bodi huhesabiwa kwa ekari, na watu wa Bottom wana vijishamba vya kupandia bamia tu.

Mchana watu walipojaa, alikuja Bwana Stroud, mwenyekiti wa Bodi kama alivyokuwa babu yake.

"Mama Verlene, leo sala uifupishe kidogo. Samaki wa karamu watapoa."

"Umeandika nini pale, Bwana Stroud?"

"Historia yetu."

"Mungu amekukosea nini?"

Stroud akacheka. "Mambo ya zamani hayo, mama. Wewe tuombee, useme amina, mimi nivute kitambaa, tule."

Alipoondoka, Dada Ottoline, jirani yake, akamsogelea. "Utawaombea kweli hao? Mimi ningewatapikia."

"Nyamaza, Ottoline. Nitaomba."

Pale kwao mtu akianza kuomba, kofia zinavuliwa na hakuna anayetikisika mpaka amina. Hata wale ambao kanisani waliingia mara ya mwisho wakibatizwa wanalishika hilo. Verlene akasimama mbele. Kofia zikashuka.

"Baba wa mbinguni," akaanza, "watu hawa wamekusingizia."

"Sema, dada!" akaitikia Ottoline.

"Wameandika kwa shaba kwamba wewe ndiye uliyelipasua tuta hili. Baba, wewe ulikuwepo. Uliona bunduki."

"Aliona!" wakaitikia wa Bottom.

"Uliona nani ameshika sepeto na nani amemshikia bunduki. Ulimwona mtoto wa Hosea akichukuliwa na maji. Wakanywa kahawa yao, wakasema ni wewe."

"Amina!" Stroud akadakia kwa sauti, mkono tayari kwenye kitambaa. "Asante, Mama Verlene."

"Sijamaliza."

Mkono wa Stroud ukashuka. Jua lilikuwa kali, na vipara vilianza kung'aa kwa jasho.

"Baba, mimi nimekusifu kwa njaa na kwa shibe. Mume wangu nimemzika nikikusifu. Lakini chini ya uongo huu sitatia amina yangu. Na ninakuomba usiitie yako."

Halafu akaenda kwenye kiti chake, akaketi.

 Watu wakasubiri neno lile moja, halikuja. Wanaume wa Bodi wakatazamana, kofia vifuani. Mmoja akainua yake nusu, mkewe akamfinya.

"Mchungaji Tolbert," Stroud akasema, uso umemwiva, "hebu funga hiyo sala."

Mchungaji akatikisa kichwa. "Si yangu, bwana."

"Basi, mama, ifunge! Unataka nini?"

"Ifunge wewe," Verlene akasema bila kunyanyuka. "Sema hapa nani aliyekata tuta. Ukimaliza, amina nitakupa ya kutosha."

 Stroud alimtazama mkewe, akautazama mto. Samaki walipoa kwenye sinia, na kitambaa kilibaki pale pale, kikipepea kidogo kwenye pembe. Watu wa Bottom walikuwa bado wameinamisha vichwa.